Mnara wa Bwana Eustace

Alisimama! Wale mlioapa pale stendi ya Msamvu kwamba Chausiku hatathubutu, kwamba mwanamke hawezi kumuumbua mchumba wake mbele ya kadamnasi, tafuteni pa kuficha nyuso zenu. Alisimama, akaweka mkoba wake juu ya kiti, akasema kwa sauti iliyowafikia hata wauza karanga waliokuwa nje ya ukumbi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mfanyakazi wa Radi Net. Maboksi tunayowauzia watu hayafanyi kazi. Hayajawahi kufanya kazi hata siku moja."

Vichwa vyote vikamgeukia.

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, sikiliza haraka haraka, maana leo hatuna muda wa kupoteza.

Tangu serikali ilipofungua milango ya biashara ya simu na mitandao, Morogoro tumeletewa kila aina ya bwana mwenye tai. Huyu wetu anaitwa Eustace. Aliingia mjini na gari la kuazima na Kiingereza cha kuazima, akafungua duka la vioo, akaliita Radi Net, akaanza kuuza intaneti ya nyumbani. Unanunua boksi jeupe lenye antena, unaliweka sebuleni, unalipia kila mwezi, unaingia mtandaoni ukiwa na kandambili zako miguuni. Hivyo ndivyo alivyosema. Aliyekaa kaunta kupokea wateja alikuwa Chausiku, binti wa kijiji cha Kinole, kule milimani Uluguru. Na aliyevishwa pete ya uchumba na bwana huyo alikuwa Chausiku huyo huyo.

Siku hiyo kamati ya kuwasikiliza watumiaji ilikuwa imekuja kutoka Dar es Salaam. Eustace alitaka kibali cha kuuza intaneti yake mkoa mzima, na masharti yalikuwa mawili tu. Wateja alionao wasiwe na malalamiko. Na mahali atakapojenga mnara, mwenye ardhi awe ameridhia.

Mnara aliupangia kilele kilicho juu ya Kinole. Ile ni ardhi ya ukoo wa kina Chausiku, penye miti ya mdalasini, penye chemchemi wanayokunywa watu wa bondeni, penye kaburi la bibi yake mzaa mama. Kibali kikitoka leo, kesho misumeno inapanda mlima. Na aliyempeleka Eustace kukiona kilele hicho, akamwonyesha njia kwa mkono wake, ni Chausiku mwenyewe. Ndipo, muda mfupi kabla ya mkutano kuanza, akamsikia mchumba wake akisema kwenye simu: "Nikishapata kilele, binti namrudisha kwao akachume mdalasini."

Haya. Turudi ukumbini.

Eustace hakushtuka. Watu wa aina yake hawashtuki, wanatabasamu tu. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba radhi. Huyu binti ni mchumba wangu. Jana tulikwaruzana kidogo, mambo ya nyumbani. Sikujua atayaleta mpaka mbele ya kamati."

Watu wakacheka. Wanaume wa viti vya mbele ndio waliocheka zaidi, na mmoja akasema "wanawake bwana!" akiwa na hakika kwamba amesema jambo la maana.

Mwenyekiti, Bi Hosiana, hakucheka. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya mwalimu mkuu na miwani aliyoishusha puani kila alipotaka kumtazama mtu vizuri. Akaishusha.

"Bwana Eustace, kaa. Sikuja Morogoro kusuluhisha wachumba." Kisha akaugeukia ukumbi. "Wenye maboksi ya Radi Net mmo humu? Ambaye boksi lake halifanyi kazi anyooshe mkono."

Hakuna mkono.

"Hata mmoja?"

Mtu akakohoa. Mkono haukuonekana.

Chausiku akageuka kuwatazama. Aliwajua wote. Walikuja dukani mmoja mmoja, kwa kuvizia, wakainamia kaunta na kunong'ona kama wanaonunua dawa ya ugonjwa wa aibu. "Dada, kwangu kuna katatizo kadogo. Lakini usimwambie mtu, sawa?"

Hakuna aliyetaka jirani ajue! Maana mtaani Forest mwaka huo, boksi la Radi Net ndilo lililokuwa heshima ya sebule. Ukilipata unalitandikia kitambaa cha kufuma, unaliweka juu ya televisheni, unaacha pazia wazi ili wapita njia walione. Jirani akisema lake linakimbia, nawe unasema lako linapaa. Utakuwaje wewe peke yako mwenye bovu? Si watasema umeshindwa kulilipia? Basi mtaa mzima wakadanganyana, na kila mwisho wa mwezi mtaa mzima wakapanga foleni kulipia uongo wao. Watu wazima, na vyeti vyao vimetundikwa ukutani.

"Injinia Abel," Chausiku akaita. "Wewe si ulikuja juzi? Ulipitia mlango wa nyuma."

Injinia Abel, mtu mnene anayefanya kazi kule kiwanda cha Mzinga na anayependa mji mzima ujue hivyo, akasimama shingo upande.

"Mimi? Binti, utakuwa umenifananisha. Kwangu intaneti inapaa. Leo asubuhi nimesoma magazeti ya Ulaya kabla ya chai."

"Magazeti gani?"

"Ya Ulaya, si nimeshasema? Ulaya ni kubwa."

Makofi! Naam, walimpigia makofi. Eustace akakunja nne, akaanza kuitazama saa yake kama mtu anayecheleweshwa na watoto.

Chausiku aliwaangalia watu wale akawadharau kwa moyo wake wote. Eustace alimdharau, sawa, lakini tapeli kazi yake ni kutapeli. Hawa walioingizwa mjini, wakajua wameingizwa mjini, na bado wanampigia makofi aliyewaingiza, hawa aliwadharau zaidi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Injinia," akasema Bi Hosiana, "unakaa wapi?"

"Hapo Forest tu, mheshimiwa. Si mbali."

"Vizuri sana. Hapa tuna umeme, na kompyuta ya kamati ile pale. Mpigie mkeo simu alilete hilo boksi, tusome sote hayo magazeti."

Injinia Abel akatafuta leso. "Mke wangu, nadhani, ameenda sokoni."

"Mpigie."

Akapiga. Kwa bahati yake mbaya, mkewe hakuwa ameenda sokoni.

Joyce, mke wa Injinia, aliingia ukumbini amelikumbatia boksi kifuani, kitambaa chake kikiwa bado juu yake, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Mumewe alikuwa amemwambia "leta boksi" akakata simu kwa woga, hakumfundisha la kusema. Hilo ndilo lililomponza.

"Shikamoo mama," Joyce akamsalimia Bi Hosiana.

"Marahaba mwanangu. Hili ndilo boksi lenu la intaneti?"

"Ndilo."

"Mnalitumiaje?"

"Si kama hivi?" Joyce akaonyesha maua. "Mwanzoni lilikuwa na kataa ka kijani, nikawa naliweka chumbani kwa watoto, wanaogopa giza. Siku hizi hata kataa kenyewe kamekufa. Ndio nikaliwekea maua."

"Na intaneti?"

"Intaneti gani tena, mama? Baba watoto akitaka kusoma barua pepe zake anaenda kwenye intaneti kafe kule stendi. Anavaa na kofia asijulikane. Mimi nimeambiwa tu wageni wakija nilifute vumbi."

Kicheko kilicholipuka hapo kiliwaamsha mpaka wajumbe wa kamati waliokuwa wakisinzia. Injinia Abel alikaa kitini akazitazama ncha za viatu vyake, na mkewe akawa anauliza kwa mshangao, "Kwani nimesema nini?"

Na mara, kwa kuwa mmoja ameshaumbuka, aibu ikawaishia wote.

"Hata mimi langu bovu!"

"Langu ndio usiseme, panya kazalia ndani!"

"Mimi naendelea kulipia na sijawahi kuona hata picha moja!"

Midomo ile ile iliyokuwa imefungwa sasa ilikuwa inashindana nani kaibiwa zaidi. Aliyesema "wanawake bwana" akapanda juu ya kiti kudai haki ya mtumiaji. Chausiku akavuta pumzi. Akakiona kilele chao cha Kinole kimesalimika, bibi yake amelala palepale alipolazwa. Nimeshinda, akajisemea.

Nani kamwambia?

Eustace akasimama, akaanza kupiga makofi. Polepole, peke yake, mpaka watu wakanyamaza kumtazama.

"Ahsanteni sana ndugu zangu. Mheshimiwa mwenyekiti, haya ndiyo niliyotaka kamati iyasikie kutoka kwa wananchi wenyewe. Maboksi hayashiki. Kwa nini hayashiki? Mawimbi hayafiki! Kwa nini hayafiki? Hakuna mnara! Na kwa nini hakuna mnara? Hakuna kibali!" Akanyoosha mkono kuelekea dirishani, kwenye milima ya Uluguru iliyojifunika mawingu. "Nipeni kibali nipande pale juu. Nawaahidi, kila sebule ya Morogoro itaiona dunia!"

Na wakampigia makofi. Msiniulize mimi. Injinia Abel ndiye aliyeanza, maana alikuwa ameipata njia ya kurudisha uso wake: kumbe boksi lake halikuwa bovu, lilikuwa linasubiri mnara.

"Bwana Eustace," akasema Bi Hosiana, "ulichukua fedha za watu kabla ya kuwa na mnara?"

"Nilikuwa nawaandaa kisaikolojia, mheshimiwa."

"Hilo tutalirudia, na wewe hutalipenda." Lakini wajumbe wawili walikuwa wameshamwinamia wanamnong'oneza, na uso wake ukaonyesha kwamba hakupenda alichoambiwa. Akasema kwa uzito: "Wenzangu wanaona kwamba kasoro hii inatibika kwa mnara. Kama mwenye ardhi ameridhia kwa dhati, Radi Net itapewa kibali cha masharti leo hii. Mwenye ardhi yupo?"

"Yupo!" Eustace akaita. "Mzee Stambuli, tafadhali!"

Kutoka safu ya tatu akainuka baba mzazi wa Chausiku. Mzee Stambuli, ambaye maisha yake yote alivaa shati moja la Ijumaa, alikuwa ndani ya suti ya kijivu aliyoshonewa na mkwe mtarajiwa, na lebo ya fundi bado imening'inia mkononi. Alikuwa hajaitoa kusudi, ili watu waone kuwa ni mpya.

"Mimi Stambuli nimetoa kilele kwa hiari yangu," akasema kama aliyekaririshwa. "Kwa ajili ya maendeleo."

Hakumtazama binti yake. Alimtazama Eustace, aone kama amesema sawasawa.

"Shikamoo baba," Chausiku akasema.

Mzee akababaika. "Marahaba."

"Baba, nakuheshimu, na mbele za watu sitakuvunjia adabu. Lakini nalazimika kusema." Akamgeukia mwenyekiti. "Mheshimiwa, baba yangu hana ardhi Kinole. Hana hata pa kuotesha mchaichai."

"Unasema nini wewe!" Eustace akaruka. "Yeye ndiye mwenye nyumba! Nimekula kwake, nimelala kwake!"

"Umekula kwa mama yangu," Chausiku akamtolea uvivu. "Umelala kwa mama yangu. Sisi ni Waluguru, Eustace. Kwetu ardhi ni ya lukolo, ukoo, na ukoo unapita kwa mama. Mwanamume akioa anakuja kulima kwa mkewe kwa hisani. Baba yangu ni mwoaji pale. Akitaka kukata mgomba lazima aombe ruhusa, sembuse kugawa mlima!"

Mzee Stambuli akakaa bila kuambiwa. Alijua ni kweli. Alikuwa anajua siku zote, na suti aliipokea hivyo hivyo.

Ungemwona Eustace! Msomi mzima, aliyezoea kuwaita wenzake washamba, alikuwa amepoteza miezi mingi kumnunulia soda, kanzu na suti mtu asiye na neno, kwa sababu tu aliona suruali ndani ya nyumba akadhani ndiyo mwenye nyumba. Hakuuliza. Angemuuliza mchuuzi yeyote wa mananasi pale barabarani angejibiwa bure. Lakini bwana yule hakuwahi kuwauliza watu wa Kinole kitu chochote, aliwaeleza tu.

Bi Hosiana akaishusha miwani. "Basi neno la ardhi hii liko kwa nani?"

Bi Mwajuma, mama yake Chausiku, alikuwa amekaa nyuma kabisa, kanga yake ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Wiki zote hizi alikuwa hajafungua mdomo. Sasa akainuka, akapita katikati ya viti, akamshika bintiye kiwiko.

"Chausiku, mwanangu. Umesema yanatosha. Kaa."

"Mama, si ndiyo ukweli?"

"Nimekwambia kaa."

Lakini nani angemkalisha Chausiku siku ile? Alikuwa anaunusa ushindi.

"Mheshimiwa, neno liko kwa kaka wa mama, mjomba wangu. Mzee Mosi. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Akisema hapana, ni hapana, hata baba na mama wakilia."

"Na akisema ndiyo?"

"Ni ndiyo. Lakini hatasema, mheshimiwa. Namfahamu. Mjomba ndiye aliyewafukuza wapasua mbao kwa panga. Mjomba ndiye aliyenionyesha kila kaburi la pale juu na jina la aliyelala humo. Mwiteni. Leo ameshuka na mananasi, yuko sokoni. Kwa ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho, naapa mbele yenu."

"Nimekusikia," akasema Bi Hosiana. "Aitwe. Tutapumzika kidogo, watu wapate chakula."

"Gari langu lipo, mheshimiwa," Eustace akadakia. "Dereva wangu atamfuata mzee, asitembee juani."

Chausiku alikaribia kucheka. Tapeli anajikosha mpaka dakika ya mwisho!

Chausiku alimkuta Eustace barazani, watu wakigombania pilau ya kampuni. Ndiyo, walikuwa wanaila. Panya kazalia kwenye boksi, lakini pilau ya Radi Net ilishuka vizuri tu.

"Eustace, chukua pete yako."

"Mambo gani haya mbele za watu, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Nimekusikia ulivyosema kwenye simu. Nikachume mdalasini, siyo? Basi nitachuma, na wewe hutapata hata gome. Uchumba umekwisha leo."

Akaiweka pete juu ya ukuta wa baraza, kando ya chupa tupu za soda. Alitegemea bwana atafura, atatukana, atamshika mkono. Eustace aliitazama pete, akaichukua, akaifuta kwa leso na kuitia mfukoni. Halafu akatabasamu tabasamu lile lile.

"Chausiku, leo umenifundisha mila zenu vizuri sana. Sasa niulize na mimi. Nani kakwambia uchumba ni wako wewe kuuvunja?"

Akaondoka. Chausiku akabaki anajiuliza mwendawazimu yule anasema nini. Akamtafuta mama yake kwa macho, akamkuta amekaa peke yake kwenye ngazi, sahani ya pilau kando, hajaigusa. Bi Mwajuma alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Mama, unaumwa?"

"Nilikwambia kaa," mama akasema. "Hukukaa."

Akaisukuma sahani mbali.

Gari la Radi Net likaingia uwanjani. Watu wakarudi ukumbini wakijifuta mafuta midomoni. Chausiku alikimbilia mbele kumpokea mjomba wake, mikono tayari kwa shikamoo, moyo umejaa. Mlango wa gari ukafunguliwa.

Mzee Mosi alishuka. Kichwani alivaa kofia mpya ya Radi Net, yenye picha ya radi ya manjano. Shingoni simu ya mkononi, imening'inizwa kwa kamba, mtu ambaye kijijini kwake simu haikamati hata ukipanda juu ya mti. Hakuwa na harufu ya mananasi. Alikuwa ananukia marashi ya Eustace.

"Shikamoo mjomba," Chausiku akasema.

"Marahaba, marahaba," mzee akajibu akimpita, macho mbele.

Kumbe Eustace hakuwa amebabaika sana kama alivyojitia. Alimtafuta Stambuli kwanza, kweli, kwa ujinga. Lakini hivi karibuni alikuwa amesikia habari za mjomba, akamtembelea kimya kimya. Hakuhangaika kumtangaza. Alimwacha Chausiku amtangaze mwenyewe, kwa kiapo, mbele ya kamati.

"Mzee Mosi," akaanza Bi Hosiana, "mpwa wako ametuapia hapa kwamba neno la ardhi ya ukoo wenu ni lako. Ni kweli?"

"Kweli tupu. Ametulia huyu binti, nimemlea vizuri."

"Kampuni hii inataka kujenga mnara juu ya kilele chenu. Unasemaje?"

Mzee Mosi akairekebisha kofia.

"Nimekubali. Makaburi tutayahamisha kwa heshima. Miti itaota mingine. Dunia inakwenda mbele, mheshimiwa, na sisi watu wa milimani tusiachwe."

Injinia Abel akapiga makofi. Na wote wakafuata, kama kawaida yao.

Chausiku hakuyasikia. Mjomba aliyefukuza wapasua mbao! Mjomba aliyemfundisha majina ya wafu! Kumbe bei yake ilikuwa kofia na simu isiyo na mahali pa kupigia. Kama kumdharau mtu kungekuwa na uzito, mzee yule angezama sakafuni pale pale.

"Mjomba, bibi yuko pale," akasema. "Mama yako mwenyewe yuko pale."

"Usinifundishe alipo mama yangu." Mzee akainua kidole. "Na mheshimiwa, kwa kuwa leo mila zetu zimepata wa kuzisikiliza, niongeze na jingine. Mjomba kwetu hamiliki neno la ardhi tu. Mpwa wa kike naye haolewi bila mimi, na nikishakubali nimekubali. Bwana Eustace ameleta posa kwangu, nimeipokea. Huyu binti anasema amevunja uchumba. Avunje kwa idhini ya nani? Ardhi nimetoa, na yeye nimemtoa. Ndoa ni Ijumaa hii."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake waliokuwa wakiulilia mfuko wao saa ile sasa walikuwa wanauliza sare ya harusi itakuwa ya rangi gani.

Eustace akainama kidogo, adabu tupu, akamtazama Chausiku. Macho yake yalisema wazi: maneno ni yako, mimi nimeyaokota tu.

Bi Hosiana alivua miwani kabisa. Alionekana kuchoka. "Binti, kuhusu ndoa sina mamlaka, na kama ningekuwa nayo ungeniona. Lakini kuhusu ardhi, kiapo ni chako. Ulisema neno lake ndilo la mwisho. Nalazimika kulipokea." Akageukia wajumbe. "Radi Net wamepata ridhaa ya mwenye..."

"Bado."

Haikuwa sauti ya Chausiku. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu ambaye hajazoea kusikilizwa, na ilitoka nyuma. Bi Mwajuma alikuwa amesimama. Kanga ameishusha mabegani, na kwa mara ya kwanza siku ile watu waliuona uso wake wote.

"Dada, kaa chini," Mzee Mosi akasema haraka. Haraka mno.

"Nimekaa miaka yote, kaka. Nimekaa kwa sababu ya marehemu mama, aliniapisha nisiseme. Ningekaa na leo, kama usingegusa kaburi lake na mwanangu kwa pumzi moja." Akatembea mpaka mbele, polepole, kandambili zake zikipiga sakafu. Akasimama uso kwa uso na kaka yake. "Kabla wageni hawajatoa kibali, waambie jina la mwanamke aliyekuzaa."

Mzee Mosi akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama," akauliza Bi Hosiana, "hilo linahusiana vipi na mnara?"

"Linahusiana, mheshimiwa. Mwanangu amewaeleza vizuri, ukoo wetu unapita kwa mama peke yake. Kuchangia baba mmoja hakutoshi. Mtu ambaye hakutoka tumboni mwa mama yangu, hata kama alinyonya kwake, hata kama alikulia nyumbani kwake akamwita mama, hana shina moja la mdalasini pale Kinole. Wala hana mpwa wa kumwoza."

Eustace alikuwa ameacha kutabasamu. Mzee Stambuli alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake miwili, ndani ya suti yake mpya. Chausiku alimtazama mama yake kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Mwajuma," mjomba akanong'ona, "usifanye hivyo. Tafadhali, mdogo wangu."

"Ni jina moja tu, kaka," akasema Bi Mwajuma. "Liseme wewe, au niliseme mimi?"